Hesabu ya Maji, Moto na Miti Mlimani

Mtu anayetaka kuijua nyumba hasa ilivyo hakai sebuleni akasifu viti. Hupita uani akatazama mtungi, jiko na jalala. Leo twataka kupita uani mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa heshima zote zinazokistahili Chuo hicho, na kuuliza maswali ambayo mfanyakazi anayelipa kodi ana haki ya kuyauliza.

Siku hizi hakuna Chuo Kikuu, hapa kwetu wala ng'ambo, kisichotangaza kwamba kinatunza mazingira. Miche hupandwa, fulana huvaliwa, mabango hutundikwa, na wakubwa hupigwa picha wameshika majembe mapya. Hatuyadharau mambo hayo, kwa maana mti ni mti, hata ukipandwa mbele ya wapiga picha. Walakini mche uliopandwa Aprili ukaachwa bila maji hadi Septemba haukumfaa mtu yeyote ila mwenye picha. Kwa hiyo shughuli nzima yapaswa kupimwa kwa mambo matatu ambayo kila mama wa nyumba huyapima kila siku: maji, moto na miti.

Yamkini wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wasomi, wayazungumze wenyewe huko kilimani. La, hasha. Chuo Kikuu ni mji. Maelfu ya watu hulala, hula, hufua na huoga pale kila siku. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli za kulaza wanafunzi 3,840; mwaka uliofuata ikafunguliwa maktaba mpya, zawadi ya watu wa China, yenye nafasi ya wasomaji 6,000 kwa wakati mmoja. Mji wa namna hiyo hunywa maji yale yale ya Mto Ruvu yanayonywewa Manzese na Temeke. Majitaka yake huteremka kuelekea mabondeni wanakokaa watu wengine. Moto wa majiko yake hutoka katika misitu ile ile inayowapa mvua wakulima wetu. Basi mambo ya Mlimani ni mambo ya mjini, na ya mjini ni ya nchi nzima.

CHUO KILIKOTOKA

Vijana wengi wa leo hawajui kwamba Chuo hiki hakikuzaliwa kilimani. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa Sheria ambao hawakutimia hata ishirini. Kilihamia kilimani mwaka 1964. Mwalimu Nyerere alipenda kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa na kijiji chenye njaa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Mtu huyo akila asirudi, amewasaliti wenzake.

Twakumbusha mfano huo kwa sababu chakula cha leo si unga peke yake. Maji ya bomba, umeme, ardhi ya kilima chenye upepo mzuri karibu na bahari, hivyo vyote ni akiba ambayo umma umewapa wasomi. Haki ya umma ni kuona kilichorudi. Na kinachoweza kurudi ni kikubwa kuliko usafi wa ua wa Chuo: ni maarifa ya kuendesha mji bila kuharibu nchi.

AHADI NA VITENDO

Ulimwenguni jambo hili lina umri wa kutosha kutupa mafunzo. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu 22 walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa tamko kwamba vyuo vyao vitafundisha na kutenda yale yanayohifadhi mazingira. Tangu hapo mamia ya vyuo vimetia sahihi tamko hilo. Kutia sahihi ni rahisi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California, Marekani, kilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2025 shughuli zake hazitaongeza tena hewa ya ukaa angani. Muda ulipokaribia ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya hesabu ingetimizwa kwa kununua vyeti, yaani kuwalipa watu wa mahali pengine wapunguze moshi wao ili Chuo kijihesabie kwamba kimepunguza wake. Walimu na wanafunzi wakapinga. Mwaka 2023 Chuo kikabadili mpango, kikaweka shabaha ya kupunguza moshi wake wenyewe kwa asilimia 90 ifikapo mwaka 2045.

Hatukitaji Chuo hicho kwa kukicheka. Kukiri kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa na kasoro ni uungwana. Ila somo ni wazi: ikiwa chuo chenye mali nyingi kiasi kile kimeona ugumu wa kutimiza ahadi, sisi tusiokuwa na mali ile hatuna nafasi ya kuanza na ahadi kubwa. Yatupasa kuanza na kazi ndogo inayopimika, kisha tuongeze.

MAJI

Tuanze na maji, kwa kuwa maji hayana mzaha. Mwezi wa Oktoba 2022 wakazi wa Dar es Salaam waligawiwa maji kwa zamu, kwani Mto Ruvu ulikuwa umepungua sana kwa ukame. Kila mfanyakazi anakumbuka foleni za ndoo, na anakumbuka bei ya maji ya mikokoteni. Katika mwezi kama ule, kila ndoo inayovuja katika bafu la hosteli ni ndoo iliyochukuliwa kwa mtu wa Tandale.

Sasa lipo jambo la kujivunia, nalo halitangazwi kama linavyostahili. Chuo cha Mlimani kilijengewa madimbwi ya kusafishia majitaka. Kazi ya madimbwi hayo ni ya werevu mkubwa, ijapokuwa hayana mtambo. Majitaka huingia kwanza katika dimbwi lenye kina, taka nzito zikazama chini na kuliwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Kisha huenda katika dimbwi pana lisilo na kina kirefu. Hapo jua huotesha mwani, mwani hutoa hewa, na hewa hiyo huwawezesha vijidudu wengine kumaliza uchafu uliosalia. Mwisho maji hukaa katika madimbwi mafupi ambako jua na siku nyingi za kutulia huua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo huzama. Mahali penye mteremko hakuna hata pampu inayohitajika. Kinachohitajika ni ardhi, jua na uangalizi. Na katika nchi yetu jua halijawahi kuadimika.

Wataalamu wa Chuo chenyewe, miongoni mwao Kayombo, Mbwette na Katima, hawakuridhika kuyatazama tu madimbwi hayo. Walichunguza jinsi ya kuyapitisha maji yake katika vitalu vya changarawe vilivyopandwa matete, mizizi ikamaliza kazi ya kuyasafisha. Wakishirikiana na wenzao wa Denmark, wakaandika kitabu cha kuwaongoza mafundi wa nchi za joto katika kujenga mabwawa na vitalu vya namna hiyo. Haya ndiyo marejesho aliyokuwa akiyadai Mwalimu. Matete yanayoota bondeni, ambayo mwanakijiji huyakata kwa ajili ya uzio, yamegeuzwa kuwa mtambo usiotumia hata chembe ya umeme.

Lakini dimbwi lina adui mmoja, naye ni uzembe. Tope hujaa mwaka hata mwaka. Lisipozolewa, kina hupungua, maji hupita upesi kabla hayajasafika, na kinachotoka upande wa pili hakitofautiani sana na kilichoingia. Kuzoa tope ni kazi ngumu, inanuka, na haina picha ya kupigwa. Hutendwa na kibarua aliyevaa buti ikiwa amepewa, na asiyevaa ikiwa hakupewa. Fungu la kazi hiyo ndilo jepesi kukatwa katika makadirio ya taasisi yoyote, kwa kuwa anayelikata hakai karibu na bomba la kutokea. Twasema wazi: chuo kinachofundisha ulimwengu jinsi ya kujenga madimbwi hakina budi kuwa mfano wa kuyatunza. Na maji yaliyosafishwa vizuri yatumike kunyweshea bustani na miti, ili maji ya Ruvu yabaki kwa kunywa.

MOTO

Jambo la pili ni moto. Nchi yetu hupoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka, kwa hesabu ambazo Serikali imezitaja mara nyingi, na mkaa ni mmoja wa walaji wakubwa. Ndiyo maana Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024, na mwezi wa Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Agizo hilo ni jema. Yeyote aliyekaa saa nzima katika jiko la kuni la kupikia watu mia tano anajua kwamba jambo la kwanza linaloharibika pale si msitu. Ni kifua cha mpishi. Wanawake waliopika maharage ya wasomi kwa miaka ishirini wamevuta moshi ambao hakuna kitabu cha hesabu za Chuo chochote kilichouandika. Kuondoa kuni jikoni ni haki ya wafanyakazi kabla ya kuwa sifa ya mazingira.

Ila tuulize: gharama anabeba nani? Jiko la gesi au la umeme ni ghali siku ya kulinunua, na gesi huisha. Mama lishe aliyepanga kibanda karibu na hosteli hana mkopo wa benki. Akilazimishwa kubadili jiko kwa fedha yake mwenyewe, atapandisha bei ya sahani. Mwanafunzi mwenye mkopo mdogo ataiacha sahani hiyo na kujipikia chumbani kwa waya wa umeme uliofungwa ovyo, na hosteli itakuwa katika hatari ya moto. Kwa hiyo agizo la kuacha mkaa haliwezi kusimama kwa mguu mmoja. Chuo kimsaidie mpishi kupata jiko, kimkate kidogo kidogo kwa miezi, na bei ya chakula isimamiwe. Hapo ndipo msitu utakapopona bila mtu maskini kuumia.

Moto una ndugu yake, naye ni umeme. Hapa Chuo kina mwalimu asiyesemwa sana: majengo yake ya zamani. Waliojenga Mlimani katika miaka ya 1960 walijua joto la Dar es Salaam. Waliweka madirisha pande mbili ili upepo wa bahari upite, wakaweka vivuli vya saruji kuzuia jua, wakaunganisha majengo kwa vijia vyenye paa. Ukumbi wa Nkrumah, ambao picha yake ilikuwa katika noti ya shilingi 500, ni wa zama hizo. Mwaka 2021 ukaanza mradi mkubwa wa elimu ya juu nchini kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na majengo mapya yakapangwa Mlimani na katika matawi ya Chuo huko Lindi, Kagera na Zanzibar. Jengo huishi miaka hamsini na zaidi. Likijengwa kwa vioo vilivyofungwa, litadai viyoyozi kila siku ya uhai wake, na deni la umeme litawafuata wajukuu wetu pamoja na deni la mkopo. Wenye kuidhinisha ramani wana nafasi moja tu ya kukataa, nayo ni kabla msingi haujachimbwa.

Tunao pia mfano kwa jirani. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunika paa zake kwa mitambo ya jua yenye nguvu ya kilowati 600, kikawa kinatumia umeme wake chenyewe, kisha kikafanya mapatano ya kuiuzia ziada kampuni ya umeme ya Kenya. Wanafunzi wa pale hujifunza kazi hiyo juu ya vichwa vyao. Hatusemi tuige kila kitu, maana sisi tuna umeme mwingi wa maji tangu mitambo ya bwawa la Mto Rufiji ilipoanza kazi mwaka 2024. Lakini mto ni mto. Ruvu ilitufundisha mwaka 2022 kwamba mto hupungua. Nyumba yenye akili huweka akiba ya pili.

MITI NA ARDHI

Jambo la tatu ni miti, na miti haitengani na ardhi. Mwaka 2006 lilifunguliwa soko kubwa la Mlimani City juu ya ardhi ya Chuo iliyokodishwa. Chuo kinahitaji fedha, na hatusemi kwamba kukodisha ardhi ni dhambi. Tunachosema ni kwamba kila ekari inayofunikwa kwa saruji na lami ina bei ambayo haiandikwi katika mkataba. Mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo sasa huteremka kwa nguvu, ikiingia katika mifereji na mito midogo kama Mlalakuwa inayokwenda baharini. Watu wa mabondeni ya Dar es Salaam hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao arobaini. Mwenye kilima ana dhamana kwa mwenye bonde.

Juu ya kulinda ardhi, wasomi wetu wana urithi wa kujivunia. Msitu wa Mazumbai katika milima ya Usambara, mmoja wa misitu iliyosalia katika hali yake ya asili, uko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Na huko Nairobi, mwaka 1998 na 1999, wakubwa walipotaka kuugawa msitu wa Karura kwa wajenzi, Wangari Maathai, aliyekuwa zamani mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda kupanda miti mbele ya walinzi, akapigwa. Mwezi ule ule wa Januari 1999 wanafunzi walitoka kuutetea msitu, wakapambana na polisi. Leo Karura ungali msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, na wakazi wa Nairobi hupumua humo. Wangari alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Msitu ule ulibaki kwa sababu watu waliujua kuwa ni wao, wakakubali kupata hasara kwa ajili yake.

MFANYAKAZI YUKO WAPI?

Tumefika penye kiini. Katika mikutano ya kutunza mazingira utawakuta maprofesa, wafadhili na viongozi wa wanafunzi. Mara chache utamkuta fundi bomba. Ilhali fundi bomba ndiye anayejua bomba lipi linavuja tangu mwaka juzi. Mfagiaji ndiye anayejua taka zipi huongezeka na zinatoka wapi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, yeye ndiye anayejua kama marufuku hiyo inafuatwa ama imerudi kwa mlango wa nyuma. Mtunza bustani anajua miche mingapi ilikufa. Maarifa hayo hayamo katika maktaba yoyote, na hayaulizwi, kwa kuwa wenye nayo wengi ni vibarua wa makandarasi, leo wako, kesho hawako.

Wako watakaotujibu kwamba moshi unaoharibu hali ya hewa ya dunia umetoka kwa mataifa tajiri, na kwamba Chuo chenye upungufu wa vitabu na walimu hakipaswi kuhangaika na matete. Neno la kwanza ni kweli, nasi hatutachoka kudai mataifa hayo yalipe. Neno la pili si kweli. Bomba linalovuja linamwaga fedha za vitabu. Chumba kisichopitisha upepo kinateketeza fedha za walimu kwa viyoyozi. Kwa maskini, kutunza maji na moto ndiyo njia ya kwanza ya kupata akiba, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikufundisha jambo jingine ila hilo: shule iwe sehemu ya uchumi wa watu wanaoilisha.

Basi tunayoyataka ni machache, na yote yanawezekana. Chuo kitangaze kila mwaka, kwa Kiswahili na mahali pa kuonekana na wote, kimetumia maji kiasi gani, umeme kiasi gani, na taka zake zimekwenda wapi. Mwaka unaofuata tutalinganisha. Fungu la kutunza madimbwi na mabomba liwekwe peke yake, lisiguswe. Vyama vya wafanyakazi vya THTU na RAAWU vipewe nafasi katika kamati zinazoamua mambo hayo, na vibarua wa makandarasi wasiachwe nje. Wanaozoa tope na taka wapewe buti, glovu na matibabu kabla ya kununuliwa bango jingine lolote. Na fedha zitakazookolewa, sehemu yake irudi kwa waliookoa.

Wanafunzi nao tuna neno kwao. Ndugu zetu, siku moja mtakuwa wakurugenzi wa wilaya, mameneja wa viwanda na walimu wa shule ambazo hazina maji wala choo kizuri. Mkiondoka Mlimani mmejua tu kwamba mazingira ni somo lenye mtihani, tumepata hasara. Mkiondoka mnajua kuchimba dimbwi, kupanda matete na kumuuliza mpishi kifua chake kinasemaje, yule mtu wa mfano wa Mwalimu atakuwa amerudi kijijini, na mzigo wake utakuwa kichwani.